Gari la yadi likikufia njiani: namna ya kulikataa na kudai pesa yako

Malipo ya korosho yakishaingia, huku kwetu kusini mwa Tanzania magari hubadilisha mikono. Kuanzia Novemba mpaka Januari hivi yadi za magari za Mtwara mjini hujaa watu, madalali wanapanda mpaka Newala na Tandahimba wakiwa na picha kwenye simu, na mtu aliyejibana miaka mitatu anatoa akiba yake yote siku moja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Duka langu liko Masasi, nilitaka gari dogo la kufuatia mzigo Mtwara na Lindi, nikalipa shilingi 12,500,000 kwa gari la mtumba ambalo halikunifikisha nyumbani. Liliishia Ndanda.

Pesa nilirudishiwa baada ya wiki tisa, pungufu ya 800,000. Wengi niliozungumza nao hawakurudishiwa hata senti, na si kwamba magari yao yalikuwa mazima kuliko langu. Walipoteza nguvu yao ndani ya siku mbili tatu za kwanza bila kujua: waliendelea kuliendesha, wakamruhusu fundi afungue injini, wakamaliza kila kitu kwa simu za mdomo. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa nimezirefusha kuliko za mwisho.

Hatua ya 1: Zima gari, uliache kama lilivyo

Nilipita Mingoyo salama, Mtama salama. Baada ya Nyangao mshale wa joto ukaanza kupanda, ukishuka nikipunguza mwendo, ukipanda tena. Ndanda nikaegesha chini ya mwembe nikamwita fundi wa pale. Hakugusa kitu mpaka injini ilipopoa. Kisha akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akanionyesha ndani: utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Akapitisha kidole, akanipakia kidogo kiganjani nijionee mwenyewe.

"Dada, hii oili imekutana na maji. Usiliwashe tena."

Nilitaka kulivuta taratibu mpaka Masasi, zilibaki kilomita 40 hivi. Nashukuru sikumbishia. Kila kilomita unayoongeza baada ya kuona tatizo ni jibu unalompa muuzaji bure: "Uliliendesha likiwa limechemka, umeliua mwenyewe." Halafu kisheria, mtu anayeendelea kulitumia gari kama lake huku akijua kasoro yake anahesabika kuwa amelikubali.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu fundi mzuri anataka kufanya kazi. Yule wa Ndanda alikuwa tayari kuvua hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, jioni ile ile. Usiruhusu. Injini ikishafunguliwa bila muuzaji kuwepo, hutaweza kuthibitisha ilikuwaje kabla ya kufunguliwa. Fundi aangalie kwa macho, asikilize, aandike alichoona, aishie hapo.

Papo hapo piga picha: kilomita kwenye dashibodi, taa yoyote iliyowaka, mshale wa joto, chesesi namba, kile kifuniko cha oili, na mahali gari liliposimama. Piga na video fupi ukisema kwa sauti tarehe na saa. Picha hizo zitume kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini, maana simu hupotea.

Hatua ya 2: Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo

Kupiga simu ni uungwana, nami nilipiga. Jibu nililopata pengine nawe utalipata: "Mama, gari la mtumba ndivyo lilivyo, hilo tatizo dogo, mpe fundi wako laki mbili." Simu ikikatika, maneno hayo hayapo tena. Kwa hiyo baada ya simu, andika ujumbe. Wangu ulikuwa hivi, nimeondoa namba tu:

"Ndugu, jana tarehe 14 Januari nilinunua kwako gari namba T …, chesesi namba …, kwa shilingi 12,500,000. Leo saa 9 alasiri, baada ya kilomita 160 hivi, limechemsha na oili imechanganyika na maji. Picha nimekuambatanishia. Gari hili silikubali. Nimelizima, liko Ndanda, na halitatumika. Naomba unirudishie pesa yangu yote. Kama unataka kulikagua, njoo na fundi wako kabla ya tarehe 18 Januari tulikague pamoja. Halitafunguliwa mpaka siku hiyo."

Neno "silikubali" usiliache. Ukiandika "gari linasumbua, naomba msaada" umelalamika tu, hujakataa kitu. Na usiweke matusi wala vitisho vya polisi, kwa sababu ujumbe huu ndio hakimu atakaousoma. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi, hivyo usifute chochote kwenye mazungumzo yenu, hata yale ya kupatana bei.

Watu huniuliza: je, nilazimike kulivuta gari mpaka yadi? Hapana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki hawajibiki kuirudisha kwa muuzaji, inatosha kumjulisha kwamba ameikataa. Isipokuwa kama mmeandikiana vinginevyo. Wajibu wako ni kulitunza: liegeshwe mahali salama, pasiwe na mtu wa kulichomoa betri.

Hatua ya 3: Jua haki yako inatoka wapi

Hapa naomba usiruke, hata kama sheria inakuchosha.

Kwanza jiulize ulinunua kwa nani. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa kinaanza kwa kusema kwamba kwa kawaida muuzaji hatoi ahadi yoyote ya ubora, kisha kinaweka hali ambazo ahadi hiyo ipo hata kama haikutamkwa. Mbili zinatuhusu. Ya kwanza, ulimweleza mfanyabiashara kazi unayotaka gari liifanye, ukategemea ujuzi wake. Ya pili, umenunua kwa mtu ambaye kuuza vitu vya aina hiyo ndiyo biashara yake. Hapo bidhaa inatakiwa iwe na ubora wa kuuzika. Yadi inaingia humo. Mwalimu jirani yako anayeuza gari lake kwa kupitia dalali haingii. Kwake unabaki na kile alichokuahidi kwa maneno au maandishi, na uongo wowote aliokuambia.

Pili, kama ulilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa kuionyesha. Taa iliyopasuka, tairi kipara, mlango usiofunga, hivyo vimekupita. Kilichofichwa ndani ya injini au gia boksi hakijakupita.

Tatu, na huu ndio mtego. Sheria yetu inasema kwamba mkiuziana kitu mahususi, yaani gari hili hili lenye chesesi namba hii, na umiliki ukawa umeshahamia kwako, kasoro inakupa haki ya kudai fidia, si kulirudisha gari, isipokuwa kama mkataba wenyewe unaruhusu kulirudisha. Mtu akienda mahakamani na mkataba wa mistari minne wa kununuliwa kwenye steshenari, anaweza kushinda kesi na bado akabaki na gari bovu, akalipwa tofauti ya thamani.

Mlango wa kutokea upo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ikiwa ulikubali kununua kwa sababu ya udanganyifu au maelezo yasiyo ya kweli, mkataba huo unaweza kuuvunja kwa hiari yako, na ukiuvunja kila mmoja anarudisha alichopokea. Kwa hiyo tafuta kwenye simu yako: alikuambia nini kabla hujalipa? Mimi, siku tatu kabla ya kulipa, nilimwandikia nikamuuliza kama injini imewahi kufunguliwa. Akajibu: "Haijawahi kuguswa tangu Japani, dada, nakuhakikishia." Wakati ule niliisoma kama maneno ya biashara tu. Ndiyo sentensi iliyonirudishia pesa.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa pamoja

Fundi wako pamoja na wake, gari likiwa palepale. Ikishindikana yeye kuja baada ya kualikwa kwa maandishi, muda ukipita endelea bila yeye, ila mwite mtu wa tatu asiye na upande: gereji yenye muhuri na risiti, au mkaguzi wa magari wa kikosi cha usalama barabarani. Ripoti iwe ukurasa mmoja. Iandikwe tarehe, namba ya gari, chesesi namba, kilomita, walichokiona, sababu yake kwa maoni yao, na kama kasoro hiyo ingeweza kutokea ndani ya siku moja. Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Wasaini wote, na anayekataa kusaini iandikwe kwamba alikuwepo akakataa.

Fundi wa yadi alikuja siku ya tatu, kijana mpole, na nadhani alijua anachokwenda kukuta. Hedi ilipovuliwa, ukingoni kulikuwa na gundi nyekundu ya gasketi imetokeza, mpya, ukiibonyeza kwa kucha inabonyea. Boliti mbili zilikuwa na alama za spana, chuma kikiwa bado kinang'aa. Yaani injini ilifunguliwa muda si mrefu na kufungwa ili iuzwe. Fundi wangu akauliza tu, "Hii ya Japani?" Mwenzake hakujibu, lakini alisaini.

Vitu vyote vilivyotolewa tuliviweka kwenye kiroba, nikakifunga na kukipiga picha. Vifaa vilivyovuliwa visiende yadi.

Hatua ya 5: Akianza kukubali, angalia anachokubali

Muuzaji atakuja na mojawapo ya haya: nitakutengenezea, nitakubadilishia gari lingine, au nitakurudishia pesa kidogo kidogo.

Kutengenezewa si vibaya kama kasoro ni ndogo na inaisha, mfano dainamo au raki ya stelingi. Kwa injini iliyochemka mpaka hedi ikapinda, mimi singekubali, na sikukubali. Ukikubali, muandikiane: nini kinatengenezwa, wapi, kwa siku ngapi, gharama ya nani, na kwamba kasoro ikirudi pesa inarudishwa. Bila mstari huo wa mwisho utazungushwa mpaka msimu mwingine wa korosho.

Kubadilishiwa gari ni kununua upya. Likague kama mara ya kwanza.

Kwenye kurudishiwa pesa, andika hesabu yako yote: bei ya gari, brekidauni, fundi, ukaguzi, gharama ulizolipa mamlaka ya mapato, TRA, za kuhamisha umiliki, na bima. Kisha zingatia mpangilio wa makabidhiano. Kama kadi ya gari imeshaingia jina lako, usisaini fomu za kulirudisha wala kutoa kadi kabla pesa haijaonekana kwenye akaunti yako. Kama kadi bado ina jina lake, usiachie gari wala mkataba halisi. Na likishaondoka, hakikisha umiliki umerudishwa TRA, vinginevyo faini na ajali za gari hilo zitakutafuta wewe.

Ile 800,000 niliyoiacha ilitokana na haraka yangu. Alitaka kunikata kwa "usumbufu" na mimi nilikuwa nimechoka, mtaji umekwama, duka tupu. Silaumu mtu anayefanya hivyo, lakini jua kwamba hudaiwi kitu.

Hatua ya 6: Barua ya madai

Siku kumi zikipita bila jibu la maana, andika barua rasmi. Haihitaji wakili. Anuani yako, anuani yake, tarehe, kisha mambo matano: nilinunua nini kwako na kwa kiasi gani, uliniambia nini kabla ya kununua, nini kilitokea na lini, ninadai kiasi gani kwa mchanganuo, na ndani ya siku 14 usipolipa nitafungua shauri mahakamani. Ambatanisha nakala za risiti, mkataba, ripoti na ujumbe. Ipelekwe kwa mkono, na mpokeaji asaini kwenye nakala yako. Akikataa, nenda na shahidi, iache pale, shahidi aandike jina lake na saa.

Hatua ya 7: Pa kwenda akikaa kimya

Wengi hukimbilia polisi. Polisi hawakusanyi madeni, na gari bovu peke yake ni kesi ya madai. Nenda polisi pale palipo na jinai: gari la wizi, chesesi namba iliyochongwa, kadi ya bandia, au umeambiwa maneno ya uongo makusudi ili utoe pesa, ambako ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji. Mlalamikie huko kwa maandishi, hasa kama yadi hiyo hiyo imeumiza watu kadhaa na mnaweza kupeleka malalamiko yenu pamoja.

Lakini kwa pesa yako mwenyewe, mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na magari mengi tunayonunua huku yapo chini ya hapo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe. Muulize karani kama shauri lifunguliwe ulipofanyika mkataba au anapoishi mdaiwa. Kama ulisaini Mtwara na muuzaji yuko Dar es Salaam, sehemu hiyo ina maana kubwa kwa nauli yako, maana ni kilomita zaidi ya 500. Mtaje mdaiwa kwa jina lililo kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, si jina la utani la pale yadi wala jina la dalali. Ukikwama kuandika madai, waulize maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako walipo wasaidizi wa kisheria.

Siku ya kusikilizwa peleka nyaraka halisi na nakala, simu yenye mazungumzo ikiwa na chaji, na fundi wako. Fundi aje mwenyewe, karatasi yake peke yake haijibu maswali. Ukishinda naye asilipe, unaomba kukazia hukumu, na dalali wa mahakama anakamata mali. Ukishindwa, una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Langu halikufika huko. Alipopokea wito wa mahakama alinipigia mwenyewe usiku, kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina. Pesa iliingia kwa mafungu mawili, na la pili lilipoingia ndipo nilipotoa funguo na kile kiroba.

Kama bado hujalipa

Basi umewahi. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uweke mkono juu ya boneti kabla hawajawasha. Ikiwa ya moto, waliipasha kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili. Usiridhike na kuzunguka mpaka Mikindani na kurudi, ni kilomita kama 10 kwenda, na gari langu lilifanya safari hiyo vizuri kabisa. Omba saa nzima, na ulipe mafuta wewe. Chungulia chini: magari yaliyokaa huku kwetu pwani huliwa na kutu ya chumvi kuanzia chini, juu yakiwa na rangi mpya. Kama ni gari lililotoka Japani karibuni, dai karatasi ya mnada. Alama ya R au RA maana yake lilishatengenezwa baada ya ajali, na kilomita zilizoandikwa pale zilinganishe na za dashibodi.

Maswali yote uliza kwa ujumbe wa maandishi, hata kama mmesimama pamoja. Lipa benki kwenye akaunti yenye jina la muuzaji aliye kwenye mkataba. Ukiona mstari unaosema "mnunuzi amelikubali gari kama lilivyo", ukatwe au uondoke. Na badala yake ongeza huu, kwa kalamu kama hawataki kuchapa upya, saini zenu pembeni na shahidi mmoja kila upande:

"Muuzaji anathibitisha kuwa injini na gia boksi ni nzima na hazijawahi kufunguliwa. Ikigundulika kasoro kubwa ndani ya siku 14 au kilomita 1,000, mnunuzi ana haki ya kulirudisha gari na kurudishiwa pesa yote ndani ya siku 7, pamoja na gharama za kulivuta, hata kama umiliki umeshahamishwa."

Yadi ya pili niliyokwenda waliusoma mstari huo mara mbili, mwenye yadi akaita fundi wake wakanong'onezana nyuma ya ofisi, kisha akaniambia lile gari nililolichagua nisilinunue, ninunue lile jeupe la pembeni. Ndilo ninaloendesha mpaka leo.